Tundu la Hewa na Mtu wa Kukuita

Nyinyi vijana wa idara ya afya mmeniomba niwaandikie machache juu ya ukaguzi wa nyumba kabla sijasahau, na mmeniletea karatasi nyingi mno, kana kwamba mna hakika kichwa changu kimejaa. Vyeo nilivyopanda mnavijua, na mshahara wangu haukuwa na kisa cha kusimulia. Kwa hiyo nitawaandikia habari za tundu. Nikiichambua miaka niliyozunguka Likoni, Changamwe na Kisauni, naona nusu ya kazi yangu ilikuwa kusimama kichochoroni nikitazama tundu la hewa juu ya dirisha la mtu, na kujiuliza huko ndani kuna nini.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya themanini. Siku ya kwanza nilivaa kaki iliyopigwa pasi hadi ikakauka, na viatu vipya vilivyokuwa vikilia kila hatua, nikakabidhiwa kwa Mzee Chengo. Alikuwa Mgiriama mwembamba, mwenye sauti ya chini na macho ya mtu aliyekwisha kuona vyoo vingi. Cheti changu hakukitazama. Alitazama viatu, akasema, "Hivyo vitalia hadi Ijumaa. Twende."

Tulishukia Likoni, tukaingia mtaa ulio nyuma ya soko. Hata hatujafika nyumba ya kwanza, nikasikia sauti ya mwanamke ikipaa: "Bwana Afya yuaja!" Nyumba ya pili ikaipokea, ya tatu ikaipeleka mbele. "Bwana Afya yuaja! Bwana Afya!" Mimi, mgeni wa kazi na mtoto niliyelelewa kwa adabu, nikadhani naitwa. Nikasimama katikati ya njia nikaitika, "Naam!"

Mzee Chengo alicheka hadi akashika ukuta. "Hawakuiti wewe, bwana. Waambiana wao kwa wao, wafunike mitungi."

Na ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Jina langu la kazi lilinitangulia mitaa yote ya ng'ambo ya kisiwa, na popote lilipofika milango ilifungwa, ndoo zikafichwa, kuku wakatupwa kwa jirani. Kengele ya hatari ilikuwa mimi mwenyewe. Nyumba nilizokagua hazihesabiki, na nilikaribishwa chai katika moja tu, nami nitaifikia.

Idara ilinipa utepe wa kupimia, na tochi ambayo betri zake nilijinunulia. Mzee Chengo alinipa ufito. Ulikuwa mrefu kupita mtu, mwembamba, umesuguliwa na viganja vyake hadi ukang'aa. Kazi yake ilikuwa rahisi. Unasimama kichochoroni, unauinua, unautia kwenye tundu la hewa juu ya dirisha. Ukipita, unakwenda zako. Ukikwama kwenye kitu laini, unazunguka mbele kupiga hodi.

"Na usipige hodi kama askari," alinionya. "Askari akiondoka, watu huyarudisha mambo kama yalivyokuwa."

Kanuni zilitaka kila chumba cha kulala kiwe na tundu lisilofungika, zaidi ya dirisha. Ukizisoma utadhani walioziandika waliogopa joto na kifua kikuu tu. Makaa hawakuyataja. Ni Mzee Chengo aliyenieleza kwamba tundu lile ndilo lililosimama baina ya mpangaji na jiko lake. Makaa yakiwaka mahali pasipo na hewa ya kutosha hutoa gesi isiyo na rangi wala harufu, haiwashi macho, haimkohozi mtu. Kaboni monoksaidi. Chuoni niliijibia mtihani nikapita, kisha nikaisahau kabisa.

Watu wetu si wajinga, wallahi. Moshi wanaujua. Hakuna mama wa Pwani atakayeingiza chumbani jiko linalofuka. Huliacha uani, hulipepea, husubiri makaa yakolee yawe mekundu na moshi uishe kabisa, ndipo hulibeba ndani kwa moyo safi. Hapo ndipo palipokuwa na balaa. Mtu alingoja kwa subira hatari anayoiona iishe, kisha akaikaribisha ile asiyoiona na kuifungia mlango.

Tundu nalo lilizibwa kwa sababu ambazo hata mimi nilishindwa kuzipinga. Mbu waliingia. Mvua ya masika iliingia. Wezi wa ndoana walipitisha kijiti wakavuta suruali ya mtu na funguo zake. Wengine waliniambia waziwazi kwamba jirani anasikiliza. Waliziba kwa magunia, kwa magazeti, kwa matambara, na nyumba moja ya Mtongwe ilizibwa kwa suruali kuukuu iliyoingia mguu mmoja, wa pili ukabaki nje unapepea. Nilipouliza, mwenyewe akasema ni ya kumtisha mwizi. Nilimwambia ingemfaa zaidi kuivaa.

Kesi ya kwanza iliyonitoa mchezo ilikuwa Changamwe, katika safu ya vyumba vya kupanga karibu na viwanda. Mpangaji aliitwa Musyoka, Mkamba aliyefanya kazi kiwandani kwa shifti. Alikuwa amebandika mahindi na maharagwe, chakula kinachotaka moto wa saa nyingi, akalala kidogo huku kikitokota, asiamke tena. Polisi walipoita idara, mahindi yalikuwa yameungua yakawa meusi, na makaa yalikuwa majivu ya zamani.

Niliinua ufito nikautia tunduni. Ulikwama.

Mzee Chengo alizungumza na majirani, nami nikabaki mlangoni. Wote walikuwa watu wema, na wote walishangaa. "Tulidhani yuko shifti ya usiku," akasema mmoja. Mwingine, wa shifti ya usiku, akasema alidhani yuko ya mchana. Kiwandani walidhani amekwenda kwao Machakos. Mlango ulikuwa umefungwa, watu wakapita mbele yake kwenda kazini na kurudi, wakapita tena. Ndani palikuwa na sahani moja, kikombe kimoja na kijiko kimoja, vimeoshwa na kupangwa kwa utaratibu juu ya sanduku.

Wakati ule nilikuwa nimepanga chumba Likoni, peke yangu. Mke wangu alikuwa amerudi kwao Malindi na binti yetu Zuhura, kwa amani, bila kesi. Alisema amechoka kuishi na mtu anayerudi jioni akinuka dawa ya choo na asiyekuwa na neno la kusema, na yote mawili yalikuwa kweli. Siku ile ya Musyoka nilirudi chumbani nikakuta sahani yangu moja na kikombe changu kimoja. Niliogopa. Sikuogopa kufa sana, niliogopa ule muda wa baadaye, watu wakipita mlangoni na kila mmoja akidhani niko shifti nyingine. Nikatoka nikaenda kununua kikombe cha pili. Sijui nilitarajia nani akinywee.

Baada ya Changamwe nikawa mkali. Niliandika notisi za matundu kila mtaa. Mwenye nyumba mmoja wa Kisauni alikataa kusaini, tukafikishana mahakamani, naye akamleta wakili mwenye tai. Wakili aliniuliza kama nyumba ina tundu la hewa kama sheria inavyotaka. Nikasema linalo. Akauliza kama ni mwenye nyumba aliyelijaza gunia. Nikasema ni mpangaji. Akauliza sheria inasema nini juu ya mpangaji anayeziba tundu lake kwa gunia lake. Nikamtazama hakimu, hakimu naye akanitazama mimi, na feni ikaendelea kuzunguka. Kesi ikatupwa kabla ya chai ya saa nne.

Mzee Chengo, aliyekuwa ameketi nyuma, alinipokea nje. "Sheria imekupa tundu," akasema. "Haikukupa mtu wa kulilinda." Muda si mrefu akastaafu, akarudi kwao Kaloleni. Ufito aliniachia. Nilimtembelea mara chache, kisha hakuwako tena wa kutembelewa, na idarani hapakubaki mtu wa kunicheka.

Sasa nifike Magogoni, huko Kisauni. Ilikuwa miaka ya tisini imeanza, masika, mvua ikinyesha na kukatika. Kulikuwa na nyumba ya Kiswahili ya vyumba vya kupanga, ukumbi katikati na ua nyuma, na mwenyewe aliitwa Bi Mwanakombo. Alikuwa bibi mfupi, mnene, mkunga wa mtaa kwa miaka mingi, na sauti yake ingeweza kuvuka barabara bila kumwomba mtu ruhusa. Nilipita kichochoroni asubuhi, mtaa ukiwa umekwisha kupiga kelele zake za "Bwana Afya yuaja". Nikatia ufito kwenye tundu la chumba cha mkono wa kulia. Ulikwama. Nikazunguka mbele.

"Hodi wenyewe!"

"Hodi ya nani?"

"Ya Bwana Afya."

"Mitungi imefunikwa, choo kimeoshwa, kuku sina. Kwaheri."

"Shikamoo, Bi."

Salamu haikataliki. Alitoka barazani akajitandaza mlangoni. "Marahaba. Wataka nini yeo?"

"Chumba hicho cha kulia, tundu lake limezibwa."

"Mna mzazi mle. Nimeliziba kwa mkono wangu, kwa kanga yangu mwenyewe."

Mzazi alikuwa Mwanaisha, binti wa dadake, aliyejifungua karibuni na kuletwa kwa khalati wake atimize arobaini. Mumewe alikuwa bandarini kazini. Sihitaji kuwaeleza nyinyi wa Pwani arobaini ni nini, lakini najua wengine wenu mmetoka bara. Mwanamke aliyejifungua hukaa ndani siku arobaini, hukandwa kwa maji moto, hulishwa, hufukizwa, na huwekewa moto chumbani ili baridi isimwingie. Moto wenyewe huwa jiko au chungu cha makaa chini ya kitanda cha kamba, joto likipanda kumfikia mgongoni.

"Mna jiko chini ya kitanda?" niliuliza.

"Wataka liwe juu?"

"Bi, makaa yana sumu. Chumba kimezibwa, mvua yanyesha, dirisha nalo limefungwa."

"Makaa yangu hayana moshi. Sikuyatia ndani hadi yalipokuwa mekundu, mato hayawashi hata kidogo."

"Hiyo isiyo na moshi ndiyo mbaya."

"Mwanangu, mtaa huu nimeuzalisha mimi kabla mamako hajakuwaza. Hakuna hata mmoja aliyeuawa na joto." Kisha akageuza kichwa kidogo, katikati ya maneno, akaita kwa nguvu kuelekea ndani: "Mwanaisha!"

"Abee!" ikajibu sauti kutoka chumbani.

Akanirudia kana kwamba hakuna lililotokea. Alinieleza jinsi upepo wa masika unavyomvimbisha mzazi, na jinsi wanaume wasivyojua kitu. Halafu akaita tena. "Mwanaisha!" "Abee!" Nikamuuliza kwa nini anaita na hana la kumwambia.

"Mzazi haachwi bila kuitwa," akasema, akinishangaa. "Yuko baina ya huku na huko, na wako wanaomtamani. Wamwita, aitika, wajua yuko. Akinyamaza, kuna jambo. Kwenu hamkufunzwa?"

Kadi yangu ya kazi iliniruhusu kuingia nyumba yoyote mchana kwa ukaguzi. Lakini mwanamume asiye ndugu akiingia chumba cha mzazi wa arobaini, aibu ile ingemfuata yule binti hadi uzeeni, na mimi nisingekagua tena nyumba hata moja Magogoni. Nilisimama pale barazani na kadi yangu mfukoni, nikitafuta neno la tatu baada ya amri na ombi, nisilipate.

Akaita mara nyingine. "Mwanaisha!"

Jibu lilikuja, ila lilichelewa, na lilikuwa nusu.

"Usingizi," akasema Bi Mwanakombo. Lakini alikunja uso. "Mwanaisha!"

Kimya. Mvua ilikuwa imekatika na paa la mabati lilikuwa likidondosha maji. Yule bibi aliniacha nimesimama. Aligeuka akaukimbilia mlango wa chumba, akausukuma. Haukufunguka. Ulikuwa umetiwa komeo kwa ndani. Mtaa uliposema Bwana Afya yuaja, Mwanaisha, kwa stara yake, alijikokota kutoka kitandani akaufunga.

"Mwanaisha! Ee, Mwanaisha!" Bi Mwanakombo aliupiga mlango kwa viganja viwili. Mlango ulikuwa wa mti wa zamani, wa kuzuia wezi wa zamani.

Mimi nilikimbia kichochoroni. Nilitia ufito tunduni nikasukuma. Bi Mwanakombo alikuwa mkunga, alijua kufunga kitu kikafungika. Ufito ulipinda, nikadhani utavunjika, nikausukuma kwa uzito wangu wote hadi viatu vikateleza matopeni. Kanga ikatoboka, kisha ikatoka yote ikaangukia ndani. Hewa ya moto ilinipiga usoni. Nikaita kupitia tunduni, "Dada! Fungua komeo! Dada!"

Hakunijibu. Ndani nilisikia mtu akijigeuza, kamba za kitanda zikilia, basi. Nikaita tena. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba alinisikia, na kwamba hata katika hali ile alijua sauti ya mwanamume mgeni haiitikiwi chumbani.

Bi Mwanakombo alinifikia akihema, buibui limemwanguka mabegani. Tundu lilikuwa juu mno kwake. Alitazama tundu, akanitazama mimi.

"Inama," akasema.

Niliinama, mikono matopeni. Yule bibi akanipanda mgongoni, mguu mmoja, kisha wa pili, juu ya kaki ya serikali, na mtaa mzima umetoka kutazama. Alishika nondo za dirisha, akaweka mdomo kwenye tundu. Hakupiga kelele. Alimwita kwa sauti ile ile ya kila siku, sauti ya kumwita mtu aje ale.

"Mwanaisha."

Tulingoja.

"Mwanaisha, mwanangu."

"A… abee."

"Shuka kitandani. Usisimame. Tambaa. Mchukue mtoto, tambaa uje mlangoni. Mwanaisha!"

"Abee."

"Waja?"

"Naja."

Alimvuta kwa jina namna ile hadi mlangoni, akimwita kila mara, na kila mara mimi chini ya miguu yake nikisikiliza kama jibu litakuja. Sijapata kusikiliza kitu maishani kama nilivyosikiliza neno lile. Komeo likaanguka. Wanawake waliokuwa ukumbini wakaingia kwa pamoja, wakamtoa, wakatoa jiko. Kisha, baada ya muda niliouona mrefu, mtoto akalia, kilio cha hasira hasa. Bi Mwanakombo akashuka mgongoni kwangu bila kusema kitu, akaondoka.

Mimi nilibaki kichochoroni. Mwanaisha alitapika, akalalamika kichwa kinampasuka, akapelekwa hospitali na mtoto wake, wakarudi salama wote wawili. Haya niliambiwa. Uso wake sijauona hadi leo. Nikikutana naye kivukoni hatujuani.

Nilikuwa nikipangusa matope nilipoitwa barazani. Bi Mwanakombo alikuwa ameketi, ameweka chai na mahamri. "Kanga yangu umeitoboa," akasema.

"Nisamehe, Bi."

"Kunywa chai." Alinitazama nikinywa. "Jina lako nani? Lako, si la kazi."

"Athmani."

"Una mke, Athmani?"

"Tuliachana."

"Walala na nani nyumbani?"

"Peke yangu."

"Na jiko?"

"Ninalo."

Akatikisa kichwa polepole, kama daktari anayeona kidonda kibaya. "Sasa wewe," akasema, "nani akuitaye?"

Nilikuwa nimekagua matundu ya watu kwa miaka kumi hivi na hakuna aliyepata kuniuliza. Nilisema tundu langu liko wazi. Akasema hakuniuliza habari ya tundu.

Tangu siku ile tulipatana. Mzazi aliendelea kuwekewa moto nyumbani mwake, kwani hilo nisingeweza kulizuia hata kwa jeshi, lakini tundu halikuzibwa, mlango haukutiwa komeo, na jiko lilikaa karibu na kizingiti. Yeye mwenyewe akalitangaza jambo hilo kwa wakunga wenziwe, na lilienea Kisauni kuliko notisi zangu zote. Nami nikaongeza swali langu katika ukaguzi. Baada ya kutia ufito, nilimuuliza kila mpangaji anayeishi peke yake: asubuhi nani atajua kama hukuamka? Wengi walinicheka. Wachache walinyamaza, nikajua wako kama mimi. Niliwahi kupendekeza ofisini swali hilo liingizwe kwenye kanuni. Mkubwa wangu aliuliza litapimwa kwa utepe gani.

Na kila nilipopita Magogoni, hata kama sikuwa na kazi pale, sauti ya mtaa ilipiga kelele zake, "Bwana Afya yuaja," na juu yake ikapanda sauti nyingine kutoka baraza ile: "Athmani!"

"Naam!"

"Haya, nenda."

Hayo tu. Hakuwa na la kuniambia. Wakati mwingine nilishukia Magogoni nikiwa njiani kwenda Bamburi, pasipo sababu, nipite mbele ya nyumba ile. Nasema wazi: nilikwenda kuitwa. Alifariki karibu na mwisho wa miaka hiyo ya tisini. Baada ya mazishi nilipita tena, mtaa ukapiga kelele, baraza ikanyamaza, nami nikakaa juu ya jiwe la jirani kama mzee. Na uzee wenyewe ulikuwa njiani.

Nimestaafu sasa. Zuhura, binti yangu, anaishi ughaibuni, na mwezi uliopita alinitumia kisanduku cheupe cha kutundika ukutani. Ameandika kwamba katika mji anaoishi sheria inamlazimu mwenye nyumba kukiweka, kwa sababu kinanusa ile gesi ya makaa na kupiga kelele kabla mtu hajalala moja kwa moja. Nilikicheka, kisha nikakionea wivu. Miaka yote ile nilikuwa na sheria ya tundu, na wenzetu wamekwisha kupata sheria ya sauti. Nasikia baadhi yenu mnataka siku moja nasi tuidai. Idaini. Lakini mkumbuke kwamba kelele ikilia katika chumba cha mtu asiyekuwa na jirani, imelilia kuta. Andikeni kanuni ya kisanduku, na msiache kuuliza lile swali langu.

Nilikitundika juu ya kitanda. Kina kitufe cha kujaribia. Nilikibonyeza, kikalia vibaya sana, masikio yakaziba. Mara nikasikia miguu inakimbia na mlango wangu unapigwa.

"Mzee! Mzee, uko sawa? Hiyo kitu inalia ni nini?"

Alikuwa Mama Kerubo, Mkisii, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Tumekaa naye mwaka mzima kwa "habari ya asubuhi" na "nzuri" tu. Alikuwa na mwiko mkononi, unga bado umeushika, na watoto wake wawili nyuma yake. Nilimwambia ni majaribio. Akashika kifua, akacheka, akarudi kwa ugali wake.

Siku ya tatu nikakibonyeza tena. Alikuja tena, ingawa hakukimbia. Siku ya tano alikuja akasimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mzee, hiyo mashine imeharibika ama ni wewe unataka mtu?"

Niliona haya. Nikamwambia ukweli: kinanusa gesi ya jiko, na mimi siku hizi napikia nje, barazani. Nikamuuliza yeye mvua ikinyesha hupikia wapi. Akasema ndani, na watoto, na mlango hufunga kwa sababu ya maji. Nikachukua ufito wangu kutoka nyuma ya kabati, nikazunguka kichochoroni, nikautia kwenye tundu lake. Ulikwama. Tulilizibua siku ile ile, tukatoa gunia. Kisha nikakiondoa kisanduku cha Zuhura ukutani kwangu nikakipigilia kwake, na watoto wakapewa kazi ya kubonyeza kitufe, kazi waliyoipenda kupita kiasi.

"Na wewe sasa utabaki na nini?" akaniuliza.

Nikamwambia nataka aniite asubuhi, akipita kwenda kazini. Asiseme kitu kingine, aite tu. Akaniangalia kidogo, akakubali bila kuuliza zaidi.

Leo asubuhi alipita. "Mzee Athmani!"

Nilikuwa macho tangu adhana ya alfajiri, nimekaa kitandani nimevaa kabisa, namsubiri. Nilijizuia kuitika, nikasikia hatua zake zikisimama nje ya mlango.

"Mzee Athmani!" akaita tena, kwa nguvu zaidi, na mkono wake ukashika kitasa.

Ndipo nikaitika.